Mfupa Ulioota Pasipo Mfupa

Ngozi ikikatwa kwa kisu hupona kwa kovu. Moyo uliokosa damu hupona kwa kovu, na ini linaloumizwa mara kwa mara huishia kujaa makovu. Mfupa hauna tabia hiyo. Ukivunjika, ukanyooshwa na kutulizwa, pengo hujazwa na mfupa halisi wenye mishipa yake na uloto wake, na baada ya miaka michache hata picha ya eksirei huweza kushindwa kuonyesha pale ulipovunjikia. Waunga mifupa wa kila taifa walilijua jambo hili kabla ya hospitali kuwepo, na ustadi wao wote ulisimama juu yake: wao hunyoosha na kufunga, kazi ya kujenga wanauachia mwili. Lakini ndani ya mwili ni kitu gani hasa kinachojenga? Swali hilo lina umri wa karibu miaka 300 katika maandishi ya sayansi, na tiba inayoitwa leo tiba ya seli shina za mfupa ni jibu lake la karibuni. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba jibu hili halikuletwa na ugunduzi wa ghafla wa seli ya ajabu. Lililetwa na jaribio moja gumu, lililorudiwa na kunolewa kizazi baada ya kizazi: chukua kile unachodhani kuwa mjenzi wa mfupa, kipeleke mahali pa mwili pasipo mfupa, kisha subiri uone kama mfupa utaota. Watafiti waliposhikamana na jaribio hilo, elimu ilisonga mbele. Walipoliacha wakatosheka na dalili nyepesi, ahadi zilitangulia ushahidi, na wagonjwa ndio walioumia.

Habari hii ilianzia mezani. John Belchier, mpasuaji wa London, alikuwa akila kwa mtu mwenye kazi ya kuchapa vitambaa alipoona kwamba mifupa ya nyama ya nguruwe aliyoandaliwa ilikuwa myekundu. Nguruwe huyo alilishwa pumba zilizotumika kiwandani, zilizojaa rangi ya mizizi ambayo Ulaya ya wakati ule iliitumia kutia vitambaa wekundu. Rangi ilikuwa imeshika mfupa tu, nyama ikabaki kama kawaida. Belchier alichapisha habari hiyo mwaka 1736. Nchini Ufaransa, Henri-Louis Duhamel du Monceau, mtaalamu wa miti na kilimo, akaona kwamba rangi hiyo ingeweza kutumika kama kalenda. Kati ya mwaka 1739 na 1743 aliwalisha wanyama mizizi hiyo kwa kipindi, akawaachisha, akawalisha tena. Mifupa yao ilipopasuliwa ilikuwa na tabaka nyekundu na nyeupe zinazopokezana. Akapitisha pia waya wa fedha chini ya utando unaoufunika mfupa, na baada ya muda akaukuta umezama ndani ya mfupa wenyewe. Kwa mtu wa miti hitimisho lilikuja lenyewe: utando ule ni kama lile tabaka lililo chini ya gamba la mti, ambalo kila mwaka huongeza pete mpya ya shina. Albrecht von Haller, mwanafiziolojia mashuhuri wa Uswisi, akakataa katakata. Kwake utando ulikuwa njia ya mishipa ya damu tu, na mfupa ulitokana na majimaji yaliyoletwa na mishipa hiyo. Ubishi wao haukuweza kumalizwa kwa rangi wala kwa waya, na sababu yake inafaa kuzingatiwa. Rangi ilionyesha mfupa mpya umekaa wapi. Haikuonyesha nani ameujenga, kwa maana anayekutwa penye jengo jipya si lazima awe fundi wake.

Aliyelitoa swali hilo katika ubishi na kulifanya jaribio ni Louis Léopold Ollier, mpasuaji wa Lyon aliyezaliwa mwaka 1830. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1850 alibandua vipande vya utando kutoka mifupa ya sungura akavipandikiza penye nyama laini, mbali na mfupa wowote. Mfupa ukaota pale. Kisha akakwangua upande wa ndani wa utando, lile tabaka jembamba linalogusana na mfupa, akavipandikiza vipande vilivyokwanguliwa. Safari hii mfupa haukuota. Kwa hatua hizo mbili Ollier alipata kitu ambacho Duhamel na Haller hawakuwa nacho, yaani matokeo yanayoweza kumkatalia mtafiti. Utando ungekuwa njia ya mishipa tu, usingeweza kujenga mfupa ndani ya nyama; na utando mzima ungekuwa mjenzi, kuukwangua upande mmoja kusingeuzuia. Kitabu chake cha juzuu mbili kuhusu kuzaliwa upya kwa mifupa kilitoka mwaka 1867, na hospitalini alifundisha upasuaji wa kuondoa mfupa uliooza huku utando ukiachwa mahali pake, ili kiungo kisikatwe bali kijijenge upya. Miaka miwili baadaye, mwaka 1869, mtafiti mwingine wa Ufaransa, Goujon, alifanya vivyo hivyo kwa uloto. Aliutoa ndani ya mfupa wa mnyama, akaupandikiza nje ya mfupa, nao ukajenga mfupa. Basi kabla ya karne ya 19 kwisha, makao mawili ya wajenzi yalikwisha kutajwa, utando na uloto, na yote mawili yalitajwa kwa njia ileile ya kupandikiza pasipo mfupa.

Hapa msomaji anaweza kuuliza kama nadharia yote hiyo ilikuwa na faida kwa mgonjwa, maana historia ina mfano wa daktari aliyefaulu bila hiyo. William Macewen wa Glasgow alimtibu mtoto mdogo aliyepoteza sehemu kubwa ya mfupa wa mkono wa juu kwa ugonjwa wa kuoza mfupa. Karibu na mwaka 1880 alichukua vipande vya mfupa vilivyokatwa kutoka miguu ya wagonjwa wengine waliokuwa wakinyooshwa matege, akavipanga katika pengo la mkono wa mtoto yule, na mfupa ukashika. Huo unahesabiwa kuwa miongoni mwa upandikizaji wa kwanza wa mfupa kutoka mtu hadi mtu uliofaulu na kuandikwa. Hata hivyo Macewen huyohuyo, katika kitabu chake cha mwaka 1912, aliupinga mtazamo wa Ollier. Alishikilia kwamba utando ni mpaka tu wa kuuzuia mfupa usitambae, na kwamba wajenzi ni seli za mfupa wenyewe. Alikuwa sahihi kuelekeza macho kwenye seli na alikosea kuuondoa utando katika hesabu, lakini mgonjwa wake alipona katika hali zote mbili. Sioni hapa ushahidi kwamba nadharia ni anasa. Kipande cha mfupa kina seli, madini, protini na mishipa kwa pamoja, hivyo kupona kwa mtoto mmoja hakukuweza kumwambia daktari mwingine ni kipi kati ya hivyo kilichofanya kazi, lini pandikizi litashika na lini litaoza. Tiba inayofaulu bila kueleweka hubaki mkononi mwa bingwa mmoja. Ikieleweka, hata daktari wa kawaida anaweza kuirudia.

Karne ya 20 ilipofika katikati, uloto ulikuwa umekuwa mali ya watafiti wa damu. Kuanzia mwaka 1961 James Till na Ernest McCulloch wa Toronto walionyesha kwamba ndani ya uloto wa panya zimo seli ambazo moja tu inaweza kuzaa vikundi vya seli za damu za aina mbalimbali, na kazi hiyo ikawa msingi wa elimu ya seli shina. Uwezo wa uloto kujenga mfupa ulikuwa umesahaulika karibu kabisa. Aliyeufufua ni Alexander Friedenstein, mzaliwa wa Kyiv mwaka 1924, aliyefanya kazi Moscow katika Taasisi ya Gamaleya, taasisi ya magonjwa ya mlipuko na vijidudu. Mwaka 1966 yeye na wenzake walichapisha majaribio ambayo Ollier angeyafurahia. Waliweka seli za uloto ndani ya vichumba vidogo vyenye kuta za chujio, ambazo vitundu vyake vilipitisha lishe lakini havikupitisha seli, wakavipandikiza mwilini mwa mnyama. Mfupa ukaota ndani ya vichumba. Kwa kuwa hakuna seli ya mnyama mpokeaji iliyoweza kuingia, mjenzi alikuwa lazima awe miongoni mwa seli zilizofungiwa. Miaka miwili baadaye wakaonyesha jambo la ajabu zaidi. Uloto ulipopandikizwa mahali pasipo mfupa, ulijenga kifupa kidogo kamili chenye uloto wake ndani. Mfupa ulitokana na seli za mtoaji, ilhali damu iliyokuwa ikitengenezwa ndani yake ilitokana na seli za mpokeaji zilizohamia pale. Kumbe katika uloto mna koo mbili za seli shina, moja inayojenga nyumba na nyingine inayohamia humo.

Bado lilibaki swali la idadi: je, kazi hiyo ilifanywa na seli nyingi za aina mbalimbali zikisaidiana, au seli moja ilitosha kuanzisha ukoo mzima? Mwaka 1970 Friedenstein na wenzake walieleza namna ya kuzitenga. Walimwaga seli za uloto wa simbilisi katika sahani za maabara, wakasubiri, wakaosha. Seli nyingi za damu ziliondoka na maji, na chache zikabaki zimeng'ang'ania sahani. Kila moja ya hizo chache iligawanyika na kuunda kikundi chake. Zilizoshika sahani zilikuwa chache mno, moja katika maelfu mengi ya seli. Katika miaka iliyofuata wakachukua kikundi kilichozaliwa na seli moja, wakakipandikiza peke yake. Baadhi ya vikundi vilijenga mfupa wenye uloto, vingine vilijenga mfupa mtupu, vingine havikujenga kitu. Matokeo hayo ya mwisho, ambayo mtu mwenye haraka angeyapuuza, ndiyo yenye uzito mkubwa kuliko yote. Yanasema kwamba si kila seli inayoshika sahani ni seli shina, na kwamba kwa kuzitazama kwa hadubini huwezi kuitambua iliyo shina na isiyo shina. Ni kupandikiza tu kunakoamua. Maureen Owen wa Oxford alishirikiana na Friedenstein, na mwaka 1988 wawili hao waliandika kwa pamoja maelezo ya ukoo huo wa seli, wakiziita seli shina za stroma, yaani tishu inayoutegemeza uloto. Ni lugha ya kiasi, inayozitaja seli kwa makao yake na kwa kazi iliyothibitishwa.

Pingamizi zito lilitoka Los Angeles, na lilikuja mapema. Mwaka 1965 Marshall Urist alichukua vipande vya mfupa, akaviondolea madini kwa tindikali, akavipandikiza katika misuli ya wanyama. Vipande hivyo havikuwa na seli hai hata moja, lakini mfupa mpya uliota pale. Basi mtu angeweza kusema kwamba seli si hoja. Kinachohitajika ni amri, na mwili utatafuta wenyewe wa kuitekeleza. Mwaka 1971 Urist aliipa amri hiyo jina la protini, na mwaka 1988 kundi la watafiti wa Marekani likazitambua jeni zake. Friedenstein alikuwa na jibu, nalo halikupingana na Urist. Alitofautisha wajenzi wa aina mbili: walioko ndani ya uloto, ambao hujenga mfupa popote watakapopelekwa bila kuamrishwa, na walioenea sehemu nyingine za mwili, ambao hujenga pale tu wanapopata amri. Historia iliyofuata ilithibitisha kwamba amri peke yake haitoshi. Mwaka 2002 Marekani iliruhusu protini hiyo itumike katika kuunganisha pingili za uti wa mgongo, na matumizi yake yakaenea upesi. Mwaka 2011 jarida la madaktari wa uti wa mgongo lilichambua tafiti zilizogharamiwa na mtengenezaji na kuonyesha kwamba madhara hayakuripotiwa ipasavyo, na mwaka 2013 mapitio mawili huru yaliyoratibiwa na Chuo Kikuu cha Yale yakaona faida yake juu ya mfupa wa mgonjwa mwenyewe ni ndogo au haipo. Urist mwenyewe alikuwa amefanya kazi kwa kipimo kilekile cha Ollier. Kasoro ilikuja baadaye, pale kitu cha kweli kilichothibitishwa kwa misuli ya mnyama kilipotangazwa kuwa kinatosha kwa kila mgongo wa binadamu.

Mwaka 1991 Arnold Caplan wa Cleveland, Marekani, aliandika makala iliyozipa seli za Friedenstein jina jipya: seli shina za mesenkima, yaani tishu ya kiinitete inayozaa mfupa, gegedu, misuli na mafuta. Dhana hiyo ilikuwa na mvuto wa haki. Ilimfanya daktari afikirie kwamba kutoka tone moja la uloto wa mtu mzima angeweza kutengeneza tishu nyingi, bila kugusa kiinitete na bila hofu ya mwili kukataa. Mwaka 1999 kundi lililokuwa na uhusiano na maabara yake lilionyesha katika jarida la Science kwamba seli za uloto wa binadamu, zikiwekwa katika vimiminika tofauti, hupata sifa za mfupa, gegedu au mafuta ndani ya sahani. Kisha mwaka 2006 chama cha kimataifa cha tiba ya seli kikatoa vigezo vya chini vya kuzitambua: zishike sahani, ziwe na alama fulani juu ya ngozi yake, na zionyeshe sifa hizo tatu maabara. Kupandikiza hakukuwemo. Nia ilikuwa njema, kwa maana maabara nyingi zilihitaji lugha moja na kipimo cha bei nafuu. Lakini kigezo kilichokuwa kimeibeba elimu hii tangu Lyon kilikuwa kimeachwa, na kipimo kilichochukua nafasi yake ni chepesi mno. Chokaa huweza kuganda katika sahani yenye fosfeti nyingi hata pasipo seli inayojenga mfupa, na rangi ya maabara itakolea vilevile. Mara seli za mafuta ya tumbo, za kitovu, za kondo la nyuma na za jino zikaonekana kufuzu zote, na zote zikaitwa kwa jina moja.

Paolo Bianco wa Roma na Pamela Robey wa Marekani walipaza sauti dhidi ya jambo hilo kwa miaka mingi. Utafiti wa kundi la Roma uliochapishwa mwaka 2016, baada ya kifo cha Bianco, ulizipeleka seli hizo za aina mbalimbali mbele ya kipimo cha zamani. Zilipandikizwa bila kuamrishwa kwa protini yoyote. Za uloto zilijenga mfupa. Za misuli hazikujenga mfupa. Uwezo wake ulikuwa wa misuli. Za damu ya kitovu zilijenga gegedu. Katika sahani zilifanana. Ndani ya mwili kila moja ilirudi kwenye asili yake. Kuzichanganya chini ya jina moja kulifungua mlango kwa wafanyabiashara. Nchini Italia taasisi iliyoitwa Stamina, iliyoanzishwa na mtu asiye daktari, ilidai kugeuza seli za uloto kuwa seli za neva na kuwadunga watoto wenye magonjwa yasiyotibika. Mwaka 2013 serikali, ikisukumwa na maandamano ya umma, iliruhusu waliokwisha kuanza waendelee, na fedha za umma zikatengwa kwa majaribio. Mwaka huohuo ikabainika kwamba picha iliyotumika kama ushahidi katika ombi la hataza ilikuwa imetoka katika makala ya watafiti wengine. Bianco, Elena Cattaneo na Michele De Luca waliipinga biashara hiyo waziwazi hadi ikaporomoka. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na seli hizi zimetembezwa katika kliniki za nchi nyingi, kwa magoti, migongo na ubongo, kwa bei inayofilisi familia.

Watetezi wa tiba hizo wana jibu, na halistahili kudharauliwa. Wanasema huenda seli hizi si shina, lakini hutoa kemikali zinazotuliza uvimbe na kuamsha seli za jirani, kwa hiyo zina faida kwa njia nyingine. Caplan mwenyewe alifika hapo. Mwaka 2017 aliandika kwamba wakati umefika wa kulibadilisha jina alilolitoa, ziitwe seli za kutoa ishara za kitabibu, na akaonya kwamba neno shina linawapotosha wagonjwa. Namheshimu kwa hilo. Lakini hoja ya kemikali, hata ikiwa kweli, haiokoi ahadi iliyouzwa. Seli inayotoa ishara kisha ikafa ni dawa, nayo inapaswa kupimwa kama dawa: kwa kipimo kinachojulikana, kwa kulinganishwa na wagonjwa wasioipata, kwa muda wa kutosha kuona madhara. Haiwezi kudai heshima ya seli inayojenga mfupa kisha ikakwepa mtihani wa kuujenga. Na mwenye pengo la mfupa hataki ishara peke yake. Anahitaji mjenzi atakayebaki pale baada ya miaka, kwa sababu mfupa hubomolewa na kujengwa upya maisha yote, na pandikizi lisilo na seli shina zake huisha nguvu.

Ushahidi bora zaidi kutoka hospitalini, kwa maoni yangu, ni ule uliokubali kuhesabiwa kwa kipimo cha Friedenstein. Mwaka 2001 kundi la Italia pamoja na wenzao wa Urusi liliripoti wagonjwa 3 waliokuwa na mapengo ya sentimita 4 hadi 7 katika mifupa mirefu. Seli za uloto wao ziliongezwa maabara, zikapandwa katika kiunzi cha kauri kilichochongwa kulingana na pengo, na viungo vikarudi kufanya kazi. Ilikuwa hatua kubwa, lakini wagonjwa 3 wasio na wa kuwalinganisha nao hawawezi kueleza ni kiasi gani kilifanywa na seli na kiasi gani na kauri. Philippe Hernigou wa hospitali ya Henri-Mondor huko Créteil, pembeni mwa Paris, alichukua njia nyepesi zaidi. Alifyonza uloto kutoka mfupa wa nyonga, akaukoleza, akaudunga palepale penye tatizo, huku sehemu ndogo ya kila uloto ikipelekwa maabara kuhesabiwa ni vikundi vingapi vitaota katika sahani. Mwaka 2005 aliripoti wagonjwa 60 wenye mfupa wa muundi uliokataa kuunga. Kwa wagonjwa 53 mfupa uliunga, na 7 ambao haukuunga walikuwa wamepewa seli chache zaidi za kuanzisha vikundi. Hapo ndipo kazi ya Moscow ilipomfikia mgonjwa. Idadi ile iliyogunduliwa kwa simbilisi mwaka 1970 ilikuwa imeanza kueleza kwa nini huyu amepona na yule hakupona, jambo ambalo Macewen hakuweza kulijua. Na kipimo hicho kina mwanya wake, kwa kuwa kikundi katika sahani si ushahidi kamili wa seli shina. Lakini kilichukuliwa kwa mgonjwa huyohuyo, siku hiyohiyo, kikalinganishwa na matokeo yanayoonekana kwa eksirei.

Lawama moja inabaki, nayo ni ya kibinadamu kuliko zote: kwamba kudai ushahidi mgumu ni kumwambia mgonjwa asubiri, ilhali maumivu hayasubiri. Historia yenyewe inaijibu. Hernigou hakungoja nadharia ikamilike ndipo atibu. Alitibu huku akihesabu, na kwa kuhesabu alijua mipaka ya tiba yake. Katika kazi yake ya mwaka 2002 juu ya nyonga 189 zenye kichwa cha mfupa wa paja kilichokosa damu na kuanza kufa, nyonga 145 zilitibiwa kabla kichwa hakijabonyea, na ni 9 tu kati yake zilizohitaji baadaye kubadilishwa kwa nyonga ya bandia. Kati ya 44 zilizotibiwa baada ya kubonyea, 25 zilihitaji. Jaribio la kulinganisha lililofanywa Ubelgiji na kuchapishwa mwaka 2018 likathibitisha upande wa pili wa habari hiyo, kwa kuwa kwa wagonjwa waliochelewa, kuongeza uloto hakukuleta nafuu kuliko kutoboa mfupa peke yake. Basi kinachomchelewesha mgonjwa si ushahidi. Ushahidi ndio uliomwambia daktari awahi. Anayemdunga mgonjwa wa hatua ya mwisho bila kuhesabu chochote ndiye anayempotezea muda na fedha, na pengine nyonga yake.

Jambo hili linatugusa moja kwa moja sisi wa Afrika Mashariki, kwa sababu selimundu ni miongoni mwa visababishi vikuu vya kufa kwa kichwa cha mfupa wa paja kwa vijana, na Tanzania ni moja ya nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa nayo. Wagonjwa wa selimundu walikuwamo miongoni mwa waliotibiwa Créteil, wengi wao wenye asili ya Afrika. Tusichanganye tiba mbili: upandikizaji wa uloto unaobadilisha seli za damu ili kuiondoa selimundu ni kitu kimoja, na kudunga uloto wa mgonjwa mwenyewe penye mfupa unaokufa ni kitu kingine, wala ushahidi wa hii ya kwanza haupaswi kukopeshwa ya pili. Tiba hii ya pili haidai mitambo ya kifahari. Inadai sindano nzuri, usafi, mashine ya kuzungushia damu, maabara inayoweza kuotesha na kuhesabu vikundi vya seli, na kabla ya yote kliniki inayompima kijana nyonga anapoanza kuchechemea, si anapokuja na mkongojo. Hayo yako ndani ya uwezo wa hospitali zetu za rufaa, zikiamua kuandika matokeo yao na kuyachapisha, mema na mabaya.

Mwaka 2018 tafiti mbili, moja ya Marekani na nyingine ya Ufaransa, zilionyesha kwa vipimo vya kisasa kwamba utando unaofunika mfupa una seli shina zake, tofauti na zile za uloto. Ni hitimisho la Ollier, lililokataliwa na Macewen, likirudi kwa heshima. Lilirudi kwa kuwa watafiti hao, pamoja na zana zao zote mpya, walizipandikiza seli hizo wakatazama kama zitajenga mfupa. Huo ndio urithi ambao historia ya miaka 300 inatukabidhi, na unaweza kutumika na mtu yeyote anayeandaliwa sindano ya seli shina. Amuulize anayeiuza: seli hizi zimetoka wapi mwilini, ni ngapi kati yake zimeonyeshwa kujenga mfupa, kwa wagonjwa wangapi zimelinganishwa na wasiopewa, na waliofuatiliwa kwa miaka wamekuwaje. Daktari wa kweli atafurahi kuulizwa, maana maswali hayo ndiyo yaliyoijenga fani yake. Asiyekuwa na jibu hana tiba ya kuuza, hata kama jina lililoandikwa kwenye chupa yake ni kubwa kiasi gani.